Vyura Kumi na Mmoja Kwenye Ndoo ya Bibi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Miaka miwili iliyopita nilikamata vyura kumi na mmoja kwenye bonde la kwa Bibi, Muleba, nikawaficha ndani ya ndoo ya miche ya migomba, nikasafiri nao hadi hapa Kitendaguro na kuwaachia kwenye kijito kilicho chini ya nyumba yetu.

Haya. Nimeandika.

Leo ni Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu isiyo na haraka ya kwenda popote, na imeacha ukungu umelalia migomba. Ziwa halionekani kabisa. Unajua lipo kwa ubaridi wake tu. Siku kama hizi huwa naona kama nyumba yetu imeng'oka mahali pake na inaelea. Baba na Mama wamekwenda kwenye msiba Kanazi. Bibi anasinzia barazani, blanketi magotini. Dada Asela yuko bondeni anachukua sampuli zake za mwisho, maana kesho asubuhi anaondoka.

Naandika kwenye kompyuta yake. Aliniachia nimalizie kujaza jedwali la vyura: namba ya kichupa, mahali, tarehe, na mwishoni safu ya Maelezo, ambayo karibu siku zote huwa tupu. Nimejaza yote isipokuwa mistari ya kijito chetu. Nikashindwa kuendelea, nikafungua blogu hii juu ya jedwali, likafunikwa. Blogu ina wasomaji tisa, na nadhani wanne kati yao ni mimi mwenyewe nikiingia kwa simu ya Mama.

Dada Asela si ndugu yetu. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kwao ni Iringa, na tangu mwaka jana kila akija huku hupanga chumba chetu cha uani. Anatafiti vyura wadogo wa matete, wale wasiozidi ncha ya kidole gumba. Anataka kujua wanaishi mabonde gani, na wa bonde hili wana undugu gani na wa bonde lile. Siku aliyofika aliniona nimepiga magoti kumsalimia Bibi, akaniiga, goti moja likatua kwenye beseni la maharage. Bibi akampa kahawa ya kutafuna, akamtazama vizuri, kisha akaanza na swali lake la kila mgeni.

"Wewe ni wa ukoo gani, na mwiko wenu ni mnyama gani?"

Bibi huongea Kihaya tu akiwa na jambo la maana, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, kwa kunong'ona kama kawaida yangu. Dada Asela akasema kwao watu hawaulizani hivyo siku ya kwanza, na kwa kweli mambo ya mwiko hakuwahi kuambiwa.

"Na kazi yako?"

"Natafuta koo za vyura, Bibi."

Nilipotafsiri hilo, Bibi alicheka mpaka kahawa ikamtoka mdomoni. "Waitu! Yaani chura ana ukoo, halafu wewe huna!"

Tangu siku hiyo nikawa msaidizi wake. Mimi, ambaye darasani mwalimu akiniuliza swali kwa Kiingereza jibu huwa ninalo lote, limenyooka, limepangwa, halafu likifika kwenye meno linageuza na kurudi. Kwa Kiswahili nako si afadhali sana. Lakini bondeni hakuna anayetaka uongee. Dada Asela aliniambia, "Kemi, una miguu ya kimya. Vyura hawakuogopi." Hakuna mtu aliyewahi kuusifu ukimya wangu. Niliweka maneno hayo mahali nikayalalia usiku ule kama mto.

Kazi yenyewe ni ndogo na ya upole. Unamshika chura kwa glavu zilizoloweshwa maji, unampitishia kijiti cha pamba mdomoni, pamba inaingia kwenye kichupa, unaandika namba, unamrudisha chura kwenye tete lilelile ulilomtoa. Yeye anakutazama kwa yale macho ya dhahabu kama mtu aliyeamshwa. Halafu, kabla ya kwenda bonde lingine, tunaosha mabuti. Hili Dada Asela halifanyii mzaha. Tope lote linatolewa kwa brashi, kisha mabuti yanapigwa dawa, kwa sababu kuna ugonjwa wa ngozi unaoua vyura na unaweza kusafiri kwenye tope la kiatu kutoka maji haya hadi maji yale.

Mwosha mabuti ni mimi.

Huwa nayasugua mpaka anacheka. "Inatosha, mdogo wangu, utayatoboa." Yeye anadhani mimi ni mwangalifu.

Sasa niseme kuhusu ndoo.

Babu alipofariki, Baba aliamua Bibi asibaki peke yake Muleba. Bibi alikubali kwa sharti moja: miche ya kibanja chake ije naye. Huku kwetu hilo si ajabu. Mtu hahami bila migomba yake, atakula ndizi za nani? Lakini Mama alikuwa na hofu ya ugonjwa wa mnyauko, akasema siku hizi miche haisafirishwi ovyo, itatuulia migomba yote. Bibi akamjibu, "Migomba yangu ni mizima. Mgonjwa ni huyo anayeniambia niondoke bila migomba yangu." Bibi mwenyewe akachagua miche sita, akaifunga kwa nyasi kavu za rweya, zile za kule juu kilimani tunazotandaza kibanjani, akaipanga kwenye ndoo yake kubwa ya bluu.

Jioni ya mwisho, tulipokwenda kumchukua, aliketi mlangoni akisikiliza bonde. Hakulia. Alikuwa amekwisha kuja kwetu mara nyingi kwa Krismasi, na kila mara alilalamika jambo moja: kwamba vyura wa Kitendaguro wanaimba kama wanakohoa. Wa kwake walikuwa na sauti kama tone linaloangukia kwenye chupa. Ting. Halafu mwingine mbali, ting. Jioni ile alisema, si kwangu, ni kwa bonde, "Basi tena, siwasikii tena."

Nilichukua kanga nikashuka.

Sijui kama nilikuwa nafikiri. Nakumbuka maji ya baridi yakiingia kwenye sketi, na mwanga wa mwisho wa jua umekaa juu ya matete kama vumbi la unga. Nilimfuata kila anayeimba. Walikuwa wepesi sana mkononi, kama kushika pumzi ya mtu. Nilipowafikisha kwenye ndoo niliona zile nyasi kavu za kilimani zitawachoma, nikazitoa zote, nikaifunga miche upya kwa nyasi mbichi za bondeni zinazodondosha maji. Nilifunika na kanga.

Asubuhi tulipanda pikapu ya kukodi. Nilikumbatia ile ndoo njia nzima. Mama akaniuliza, "Kemi, mbona umeishikilia ndoo kama mtoto wa kubatizwa?" Nikasema miche isije ikavunjika. Akaniambia nina moyo mzuri. Na muda wote huo nilikuwa nawasikia kwa tumbo langu, vitu vidogo vikigusa plastiki, vikiacha, vikigusa.

Niliwaachia kijitoni kabla watu hawajamaliza kushusha vitanda.

Wakanyamaza. Wiki, miezi. Niliamini nimewaua na nilimwomba Mungu msamaha kila Jumapili bila kutaja wanyama. Halafu jioni moja ya mvua, katikati ya wale wanaokohoa, ikasikika: ting. Bibi alikuwa anatafuna kahawa, akaacha. Ting, tena. Akasimama peke yake bila fimbo, akaenda mpaka ukingo wa baraza, akasema kwa Kihaya, sauti ya chini kabisa, "Wa kwetu wamenifuata."

Kuanzia hapo alimweleza kila mtu. Kanisani, sokoni, kwa mwanamke anayetuletea maziwa. Vyura wa Muleba wamemfuata Bibi mpaka Kitendaguro. Watu walicheka kwa heshima. Kwangu mimi ilikuwa siri tamu kuliko zote nilizonazo, na nilidhani itabaki tamu.

Jumatatu hii Dada Asela amerudi na majibu ya maabara.

Aliitandaza ramani juu ya meza ya chakula, tukasogeza vikombe. Akaeleza kwamba vinasaba vya vyura vina alama, na alama hizo zinarithiwa kama ukoo, kwa hiyo ukiangalia vizuri unajua nani ni wa nani. Nukta za bluu ni vyura wa mabonde ya Bukoba. Za njano ni wa Muleba. Kanazi, ambayo iko katikati, bluu tupu. Ramani ilikuwa safi kama sare ya shule, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye kijito chetu kulikuwa na njano. Na kando yake nukta nyingine za kijani, yaani watoto wa bluu na njano.

Niliziona zile za kijani na masikio yangu yakaziba. Walikuwa wamezaa.

"Huyu mdogo hawezi kutembea kutoka Muleba," Dada Asela alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa. "Atakauka kabla hajamaliza kilima cha kwanza. Na kama walipita taratibu, bonde kwa bonde, mbona Kanazi hawapo?" Kisha akamgeukia Mama. "Mama Kemi, niulize tu, hakuna mtu aliyewahi kuleta vyura hapa?"

"Vyura?" Mama alishika kifua. "Mimi nikimwona chura jikoni nahama nyumba, halafu nimfuate Muleba nimlete kwangu?"

"Labda walipanda basi la asubuhi," Baba akasema.

Wakacheka wote. Dada Asela akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa namimina chai, nikaendelea kumimina, ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, na bado nafasi ya kusema ilikuwa pale mezani imekaa wazi, mtu angeweza kuichukua kama kipande cha mkate. Sikuichukua.

Basi akatueleza anachofikiri yeye. Kwamba ziwani matete hukatika na kuelea, visiwa vizima, na mizizi na udongo wake, upepo unavisukuma hadi vinapogota. Huenda zamani kisiwa kimoja kilikatika pwani ya Muleba kikiwa na vyura juu yake, kikapita mbele ya Kanazi bila kusimama, kikaja kutua huku kwetu. Halafu wakapanda kijito, kizazi kwa kizazi.

Ninyi wasomaji wangu tisa, nimeiota hiyo safari kila usiku tangu Jumatatu. Kisiwa cha kijani kinapita kimya juu ya maji ya asubuhi, hakina nahodha, na juu ya kila tete ameketi chura mmoja macho ya dhahabu, wanaitana ting, ting, wasipotee. Watu wa mitumbwi wanatazama. Ni ndoto nzuri kuliko ndoo ya plastiki. Naamka nikitamani ingekuwa kweli, na kwa dakika kadhaa za kwanza huwa ni kweli.

Halafu nasikia Dada Asela uani akijisomea kwa sauti atakayowaambia walimu wake. Kesho anaondoka na kisiwa hicho kwenye mkoba. Amesema jina langu litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani. Amesema nikimaliza shule nimwandikie, bondeni kuna nafasi ya watu wa kimya. Mimi sitaki kitu kingine duniani. Nikisema, nani atampa nafasi ya kukamata vyura mtu aliyewahi kuwahamisha na ndoo? Nisiposema, ataweka kisiwa kisichokuwepo ndani ya kitabu, na mwingine atakisoma, atakiamini, atakuja ziwani kukitafuta.

Na ule ugonjwa wa ngozi. Kama wale kumi na mmoja walikuja nao? Hatajua aangalie wapi. Mimi nasugua mabuti yake kana kwamba tope lile la miaka miwili litatoka leo.

Lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni Bibi. Nilijiambia kwamba nikisema, namnyang'anya wale waliomfuata. Nilijiambia hivyo wiki nzima, na nakiri hapa kwamba ilikuwa raha kuwa na sababu nzuri kiasi hicho.

Leo mchana, baada ya kumpelekea chakula chake, nikakaa chini karibu na kiti. Nikatoa swali kwa Kihaya, maana kwa Kihaya sauti yangu hupata nguvu kidogo. Nikamuuliza: Bibi, je, kama wale vyura hawakuja wenyewe?

Hakugeuka. Alikuwa anatazama migomba yake sita, ambayo sasa ni mashina makubwa yenye watoto.

"Kwani hii migomba ilikuja kwa miguu?"

Sikuelewa. Akanipiga kidogo begani, si kwa hasira.

"Mimi niliifunga kwa nyasi za rweya. Nilipoifungua hapa, nikakuta nyasi za bondeni, zimelowa. Nikasema, huyu mtoto ana wazimu, au kuna kitu anaficha. Halafu walipoanza kuimba nikajua."

Nilimuuliza kwa nini basi anawaambia watu kuwa wamemfuata.

"Nilikuwa nakusubiri unikatize," akasema. "Miaka miwili! Nimedanganya mpaka mbele ya mchungaji, na wewe uko pembeni umeinamisha kichwa kama bata. Mjukuu gani huyu?" Akawa anacheka, yale meno machache yote nje. Kisha akanishika sikio kama nilipokuwa mdogo. "Kinachonifuata ni njaa na mbwa. Hawa nililetewa. Haya, nenda kaniletee maji."

Nilimletea maji. Nilichelewa kidogo jikoni kwa sababu nilikuwa nalia.

Kwa hiyo Bibi hakuwa sababu. Sababu ni mimi tu, na mdomo wangu, na jina langu kwenye ukurasa wa shukrani.

Nimejaribu mara tatu leo. Dada Asela alipokuwa anavaa mabuti nilisimama mlangoni. Akasema, "Nini, Kemi?" Nikasema, "Usisahau mwavuli." Alikuwa ameushika mkononi.

Siwezi kwa mdomo. Hilo nimelikubali saa hizi, na ajabu ni kwamba nimejisikia mwepesi. Kuandika naweza. Kwa hiyo nusu saa iliyopita nilirudi kwenye jedwali. Kichupa cha kwanza, mahali: Kitendaguro, kijito cha chini. Tarehe. Kishale kikasimama kwenye safu ya Maelezo kikipepesa, kinakuja, kinapotea, kama kitu kinachopumua. Niliandika, nikafuta. Nikaandika kwa Kiingereza cha vitabuni, kikaonekana kama ni mtu mwingine aliyefanya, nikafuta. Mwishowe nikaandika Kiswahili chetu hiki, kama ninavyoongea na Bibi kichwani, na nikakirudia kwenye kila mstari wa kijito chetu mpaka wa mwisho, kisha nikahifadhi.

Nje ukungu umeanza kupanda. Wale wanaokohoa wameanza, na sasa hivi, nyuma yao, wa kwanza wa Bibi. Ting. Najiuliza kama wanajua hapa ni wapi. Najiuliza kama yule wa kijani, mtoto wa bluu na njano, anasikia sauti za upande wa baba na za upande wa mama yake na kuona zote ni nyumbani. Nahisi ndiyo. Nahisi yeye ndiye pekee kwenye ramani nzima ambaye hana anachokikumbuka kwingine. Angekuwa mzuri kumtafiti, kama mtu angejua wazazi wake walitoka wapi na walifikaje. Sasa Dada Asela atajua.

Je, nikimwandikia atanijibu? Atayaosha mabuti yake mwenyewe?

Nasikia mabuti. Chwap, chwap, yanapanda kutoka bondeni, yanapita kwenye migomba. Bibi ameamka, anamuuliza kama amepata ukoo. Anajibu kitu, wanacheka. Sasa anavua buti moja kwenye ngazi. La pili. Miguu mitupu kwenye sakafu ya baraza, anaita, "Kemi, umemaliza jedwali langu?"

Nimemaliza, Dada.

Yuko kwenye korido. Nabonyeza chapisha, nafunga ukurasa huu haraka asiuone, na chini yake linabaki jedwali limejaa kwenye kioo kizima, safu ya mwisho nayo imejaa: Wazazi wao hawakuja na maji. Waliletwa kwa ndoo kutoka bonde la kwa Bibi, Muleba, kumi na mmoja. Niliwaleta mimi, Kemi.